Nchi Ikivunjika, Mbung'o Watarudi Kwanza

Kuna ndoto inayowapendeza sana vijana. Serikali imeanguka, umeme umekatika usirudi, maduka yamebaki makufuli, na kijana mmoja mwenye panga na mbwa wake anaingia porini kuanza maisha upya. Anawinda, anachoma nyama, jioni anakaa juu ya jiwe kama mfalme. Kaa kwenye kijiwe cha bodaboda Urambo au Kaliua mada hiyo ikiibuka, utaona kila mtu ana pori lake mfukoni: huyu Ugalla, yule Moyowosi, mwingine atapitiliza mpaka Mahale akaishi na sokwe. Ukitazama ramani hutawalaumu. Kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika ipo miombo ya kumpoteza mtu.

Ila hakuna anayeuliza kwa nini miombo hiyo haina watu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.3 Tabora na zaidi ya milioni 2.4 Kigoma. Watu hao si wachache, na wanalilia ardhi kila siku. Kumbe sehemu kadhaa za pori lile hazikuwa pori tangu dunia iumbwe. Walikaa watu humo, wakalima, wakafuga, wakazikana. Jamii imeshawahi kuporomoka huku kwetu, miaka mia na thelathini hivi iliyopita, na mshindi wa maporomoko yale anajulikana. Hakuwa simba.

Habari inaanza na ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika kwa upande wa Eritrea, ikashuka kusini kwa kasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imeshapita Afrika Mashariki. Waliolala na mazizi waliamka na ngozi. Sehemu nyingi zilipoteza ng'ombe tisa katika kila kumi, na nyati nao wakafa pamoja na wanyama wengine wengi wa kwato mbili. Nyuma ya sotoka ikaja njaa, ikaja ndui, akaja na funza wa miguuni, mdudu wa Amerika ya Kusini aliyeshushwa na meli Angola mwaka 1872 akavuka bara zima ndani ya vidole vya watu. (Ukiona mtoto anachokonolewa funza leo, ujue huyo mdudu ni mgeni wa juzi tu.) Juu ya hayo kulikuwa na Wajerumani. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe aliona heri ajilipue kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Kisha Vita ya Kwanza ya Dunia: vijana wakazolewa kubeba mizigo ya majeshi, mashamba yakalala, na Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora.

Sasa angalia mambo yalivyofuatana. Mahali panapolishwa ng'ombe na mbuzi, vichaka havipandi. Watu wakilima, wakikata kuni na kuchoma majani, kivuli kinapungua. Mbung'o anaishi kwa kivuli. Bila kichaka cha kupumzikia na udongo wa ubaridi wa kuzalia, hadumu. Ondoa ng'ombe, punguza watu, na baada ya miaka michache kichaka kiko mlangoni. Wanyama pori walirudi kuongezeka mapema kuliko binadamu, maana ngiri hangoji mbegu wala mahari. Na ngiri, pongo na nyati wana tabia moja mbaya kwetu: hubeba vimelea vya malale bila kuugua. Mbung'o akishanyonya damu ya pongo, vimelea hukomaa ndani yake wiki mbili tatu, na baada ya hapo kila atakayeumwa naye yuko hatarini.

Katika miaka ya 1920 na 1930 malale yalipopamba moto, serikali ya Waingereza ilichukua watu waliotawanyika katika sehemu za Tabora na Kigoma ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja. Hesabu yao haikuwa ngumu: watu wakibanana watafyeka wenyewe, na wakifyeka nzi ataondoka. Waliohamishwa hawakuulizwa. Walikotoka kukabaki kwa wanyama, na baadhi ya maeneo ya namna hiyo ndiyo hifadhi tunazojivunia leo. Kwa hiyo kijana anayesema atakimbilia pori tupu anakimbilia mahali ambapo babu wa babu yake alitolewa kwa sababu palikuwa panaua.

Kwa asiyemjua mbung'o: ni mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, rangi yake inaelekea udongo, na akitua mbawa zake hulaliana kama mkasi uliofungwa. Hakuimbii sikioni kama mbu. Anauma mchana kweupe, anapenya shati, na anafuata kitu kinachotembea; pikipiki ikikatiza kwenye miombo inaweza kutoka upande wa pili na kundi zima linaifuata. Anavutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Shujaa wetu aliyeingia porini na jinzi mpya ya buluu amejivika mtego. Malale ya upande huu wa Afrika nayo hayana subira. Yanaanza na homa na kichwa kuuma, kila mtu atasema malaria, halafu yanaingia kwenye ubongo, na bila dawa yanaua kwa miezi tu. Na yule mbwa wa kwenye ndoto? Mbwa ni mwepesi kufa kwa vimelea vya mbung'o kuliko hata ng'ombe. Pengine atatangulia yeye.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini Wanyamwezi walikuja kuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote wa karne ya 19. Walikuwa wafanyabiashara wazuri na watembezi hodari, hilo halina ubishi, lakini pia hapakuwa na mnyama wa kuwapokea mzigo. Punda walidondoka njiani, maksai wa wamisionari wakadondoka. Mwaka 1879 mfalme wa Ubelgiji alileta tembo wanne wa Kihindi, wakashushwa karibu na Dar es Salaam waende kwa miguu mpaka Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tembo wa kufugwa, na watu wao wa kuwaongoza. Hawakuanzisha chochote, wengi wao walikufa, na mzigo ukarudi begani kwa Mnyamwezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ndipo bega likapumzika. Siku reli na malori vikisimama, hatuna farasi wa kurudia. Tuna bega, na baiskeli maadamu mipira ipo.

Tuseme kijana ana akili zake, hakwenda porini, akabaki mjini. Mjini kuna mnyama mwingine. Ukraine, tarehe 27 Aprili 1986, watu wa mji wa Pripyat walihamishwa baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka, wakaambiwa waache mbwa na paka. Wajukuu wa mbwa wale wanazunguka huko hadi leo. Mbwa haangamii mji ukifa. Anaungana na wenzake. Sasa chukua mbwa wa Kigoma Ujiji au Tabora mjini, ondoa jalala la sokoni wanalolia, ondoa na chanjo. Ili kichaa cha mbwa kisienee inatakiwa mbwa kama 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa, na hata leo tunasuasua. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa duniani vinatoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Jambo moja tu linabaki mikononi mwako dunia ikiwa imekwisha: kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni basi iwe kati ya vitu vya kwanza kubeba, kabla ya panga. Najua haipendezi kwenye hadithi.

Kuku je? Kuku watakufa kwa mdondo. Kila anayefuga anajua chanjo ikirukwa kinachofuata. Lakini hawafi wote, na wanaobaki huanza tena kidogo kidogo. Ng'ombe wa wafugaji walioingia Kaliua na Uvinza wana hali mbaya zaidi, kwa sababu wengi wanaishi kule kwa nguvu ya sindano ya ndorobo (ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o) na dawa ya kuogeshea. Sindano ikikosekana, ng'ombe itabidi warudi kwenye mbuga zilizo wazi za Igunga na Nzega, au wafe walipo. Njia ya pori kurudi itakuwa ileile ya 1890, ila safari hii bila kuhitaji sotoka. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Mtu atasema: basi wanyama pori si watajaa, tutakula nyama. Inategemea nani anabaki na bunduki. Vita ya Msumbiji ya 1977 hadi 1992 iliacha hifadhi ya Gorongosa imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wake wakubwa. Jamii ikivunjika taratibu, watu wakiwa bado wengi na wenye njaa, wanyama wakubwa ndio wanaoisha kwanza. Wanaobaki ni wa saizi ya kula shamba lako: nyani, ngedere, tumbili, nguruwe pori, panya.

Na hapo ndipo kazi halisi ya kijana inapoanza, kazi ambayo watoto wa vijijini hawahitaji kuhadithiwa. Mahindi yakianza kutoa mbelewele hadi yakauke, lazima mtu awe juu ya dungu. Alfajiri nyani wanakuja kimya. Dume mmoja anatangulia, anakaa juu ya kichuguu anakutazama. Ukiinuka na manati anajua umbali ambao jiwe lako litafika, anasogea hatua mbili tu. Wakati unamshughulikia yeye, majike yameshaingia upande wa mtaro, kila mmoja na muhindi kwapani na mwingine mdomoni. Kumbwaga mlinzi mmoja kwao ni rahisi. Ndiyo maana familia hugawana pembe za shamba, na mashamba hupakana ili walinzi wasikiane wakipiga debe. Usiku zamu inakuwa ya nguruwe pori, na nguruwe hatishiki kwa manati. Ukilima peke yako katikati ya msitu umelima kwa ajili yao. Watu wa Unyamwezi walikuwa na kinga nyingine, chakula kisichokaa shambani kikisubiri mwizi: viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwa na kuanikwa vikawa matobolwa, vikakaa ghalani hadi mvua nyingine.

Vipi wanaosema wataishi na sokwe? Kule Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi Julai 1960, wanatazama maisha ya sokwe kizazi baada ya kizazi, na sokwe wameonekana wakifanya mengi ambayo mtu hatatamani kuwa jirani yake, pamoja na kundi moja kulimaliza kundi lingine kati ya 1974 na 1978. Homa zetu za mafua huwaua. Mtu akiishi nao atawamaliza kwa kukohoa kabla ya kufaidi urafiki. Lakini lipo tukio moja la Gombe ambalo kwa mada hii lina uzito kuliko yote. Mwaka 1987 homa ya mapafu iliua sokwe kadhaa, na mtoto wa miaka mitatu na kitu aliyeitwa Mel akabaki yatima. Umri ule kawaida ni kufa. Akachukuliwa na dume kijana wa miaka 12, Spindle, asiye ndugu yake. Spindle alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akamlaza kwenye kiota chake. Mel akaishi.

Binadamu wa huku nao vijana wao yatima hawakuishi peke yao, ila aliyewachukua hakuwa Spindle. Miaka ya 1860 hadi 1880, biashara ya pembe na watumwa ilipozivuruga himaya ndogo za Unyamwezi, vijana waliokosa kwao, mateka, wapagazi waliotoroka, waliingia rugaruga, vikosi vya vijana wa vita. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekufa mwaka 1884, aliwapa bunduki na mtu wa kumtii. Walikula kwa kuteka. Ukiniuliza kundi gani litawameza vijana wa vijiweni mara moja nchi ikivunjika, nitakujibu hilo, na kwamba watajiunga kwa sababu ya ugali tu.

Kwa hiyo watu wawe wengi, wakae pamoja? Ndiyo, lakini hapo nako pana mtego. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia vurugu za kisiasa walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kaskazini mwa Kigoma. Hapakuwa na barabara wala vyoo vya kutosha. Kipindupindu kikalipuka, na meli ya MV Liemba, chombo cha mwaka 1913, ikawa inawasomba kwenda Kigoma mjini. Wachache mno, mbung'o wanakula. Wengi mno bila choo, kipindupindu. Kati ya hapo kuna ukubwa wa kijiji ambao watu wa miombo waliutafuta kwa vizazi, na jembe la kuchimbia choo lina kazi kubwa kuliko upinde.

Nimewasema wanyama vibaya muda mrefu, sasa niwataje wawili ambao ningependa wawe upande wangu.

Wa kwanza ni nyuki. Ni mfugo ambao mbung'o hamgusi, hahitaji josho wala chanjo, na pori likizidi yeye ndiyo ananawiri. Tabora inajua kazi hii kuliko mahali pengi nchini. Mzinga wa gogo au wa gome la mti wa mtundu unapandishwa mtini kwa kamba, wenyewe wanahamia. Asali haiozi, inafunga jeraha, inabadilishwa na chochote, na nta yake ni taa. Na yupo mlembe, ndege mdogo wa kijivu anayekuja kukupigia kelele, anaruka mti hadi mti, mpaka anakufikisha kwenye nyuki. Wewe unachukua asali, yeye anabaki na nta na majana, watoto wa nyuki. Wazee wanasisitiza umwachie chake. "Babu, nisipomwachia?" "Mjukuu wangu, kesho atakupeleka kwa chui." Chui sijathibitisha. Ila utafiti wa Niassa, Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima mwito ambao warina asali wa Kiyao humwitia ndege huyo, mwito wa kurithishana baba kwa mwana. Ukiutumia, uwezekano wa kuonyeshwa mzinga unapanda kutoka kama asilimia 16 hadi 54. Hakuna aliyemfuga mlembe. Ni mapatano, na pasipo na watu wanaoitika, ndege huacha kuita.

Wa pili ni dagaa, na hapa naegemea Kigoma bila kuona haya. Dagaa wa Tanganyika maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi, na huzaana haraka. Ndiyo sababu ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili wapumue. Hawaumwi ndorobo, na nyani hawawafuati ziwani. Watu wa ziwa waliwavuta kwa mwanga wa mienge kabla karabai haijaja, na kuwachota kwa lusenga, wavu wa kuchotea, kutoka kwenye mtumbwi wa gogo usiku usio na mwezi. Taa za sola zikifa, mwenge upo. Tabora mjini, ambako maji ya bomba sasa husukumwa kwa pampu kutoka Ziwa Victoria, wataanza na kiu. Kigoma, ambao gridi ya taifa iliwafikia mwaka 2022 tu, hawajasahau kukaa gizani.

Tatizo la dagaa ni mvua. Wakati wa mvua hawakauki, na dagaa asiyekauka ni uvundo kesho yake. Hapo inahitajika chumvi, na chumvi iko Uvinza, kwenye chemchemi karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Watu wamekuwa wakiichemsha pale kwa zaidi ya miaka 1,500. Kila kiangazi walikuja kutoka mbali, wakapiga kambi, wakalipa ushuru kwa watemi wa Kivinza, wakabadilishana walichobeba. Kuchemsha chumvi kunakula kuni kwa wingi wa kutisha, maana yake ukataji wa vichaka ekari kwa ekari kuzunguka kambi. Mrina asali wa Sikonge na mvuvi wa Ujiji wangekutana hapo tena Juni au Julai. Mvua za Novemba zikianza mto unafunika chemchemi, na kila mtu anafunga mzigo wake kurudi kulima.